Nyawira Ngigi na Herufi A Tano

Waombolezaji, Pasta Mutinda, majirani wa Kitengela na Kisaju, wakwe zetu wa ukoo wa Simel, na ninyi mliotoka taasisi aliyofanyia kazi marehemu na kuketi kwenye viti vya mbele ambavyo hakuna aliyewaandalia, familia ya Mzee Ngigi inawasalimu, na imempa Waruguru, dada mkubwa wa marehemu, kazi ya kuisoma historia hii kwa sababu, kama mama yetu alivyosema, yeye ndiye asiyeogopa kunyimwa chai.

Mjue kwanza kwamba jamaa anayechapisha programu za mazishi pale Kitengela alitupatia historia iliyo tayari, ya kujaza jina tu, inayosema marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu wote, na familia ilipoisoma ilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, kwa sababu Nyawira hakupenda watu wote, aliwapenda wachache na kuwavumilia waliobaki. Mwaka wa 2019 alihudhuria mazishi huko Isinya ambapo mzee wa miaka themanini, mwenye ndevu hadi kifuani, alisomewa mbele ya wajukuu wake kwamba ameacha mume mpendwa, kwa kuwa aliyeandika alichukua historia ya mama fulani aliyezikwa wiki iliyotangulia na hakujisumbua kuisoma hadi mwisho, na Nyawira alirudi nyumbani akisema kwamba huo ndio ugonjwa wa nchi hii, watu kuchukua kitu kilichotengenezwa na mwingine bila kukifungua waone ndani kuna nini. Kwa hiyo hii tumeiandika wenyewe, tangu mstari wa kwanza.

Nyawira Ngigi alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika hospitali moja mjini Kajiado, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ngigi Waweru na Mama Waithera, waliotoka Murang'a mwaka wa 1977 na kununua shamba karibu na Kitengela, wakati ambapo watu wa kwao waliwacheka kwamba wameenda kulima pamoja na swara. Alibatizwa Kitengela mwaka huo huo, akakua akichunga mbuzi pamoja na watoto wa majirani Wamaasai, na Kimaa alikijua kabla ya kukijua Kiswahili, jambo lililomsumbua sana mwalimu wake wa kwanza.

Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1988 na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1995, na wote waliokuwa nyumbani miaka hiyo wanakumbuka siku shangazi yetu alipotia magadi kwenye chai akidhani ni chumvi ya supu, akitafuta supu yenyewe kwenye sufuria isiyo yake, kwa maana kwetu mikebe yote ilifanana. Jioni hiyo Nyawira, akiwa darasa la nne, alibandika karatasi kwenye kila mkebe, na hakuandika jina la kitu peke yake, aliandika pia kile ambacho mtu angeweza kukidhania, "Magadi, si chumvi," na "Chumvi, si sukari," na tangu hapo hata mgeni aliyeingia jikoni kwetu gizani alipika bila kuuliza. Alisoma sekondari ya wasichana hapa Kajiado kuanzia 1996 hadi 1999, kisha chuo kikuu jijini Nairobi kuanzia 2001 hadi 2005, akahitimu katika kemia, na shahada ya pili katika takwimu aliipata mwaka wa 2011, akisoma jioni huku akilea.

Tarehe 2 Februari 2009 aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa maji na malisho hapa Kitengela, ambayo familia haitaitaja, kwa kuwa jina lake tayari limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko la marehemu kwenye shada lile la maua. Huko ndiko alikokutana na programu ya kompyuta ambayo watafiti huitumia kupanga kazi hatua kwa hatua, ambapo mtu huchora visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa mistari, kisanduku kimoja kinasafisha vipimo vilivyotoka maabara, kingine kinafanya hesabu, kingine kinachora ramani, na uzuri wake ni kwamba kisanduku kilichotengenezwa vizuri kinaweza kuhifadhiwa kwenye ghala la pamoja, ili mwingine akitafute kwa jina, akiburute kwenye kazi yake na kukitumia bila kuanza upya. Ni wazo zuri, alilipenda kama wengine wanavyopenda nyama choma, na hakujua bado kwamba kilichobuniwa na wenye akili kinaweza kukabidhiwa kwa watu wenye vyeti.

Kila kisanduku alichokiweka ghalani alikipa jina linalosema kazi yake, akaeleza chini yake kinafanya nini, kinashindwa wapi, na akaongeza maneno ya kutafutia katika kila lugha ambayo mtu wa Kajiado angeweza kuwaza nayo, maji, enkare ya Kimaa, maaĩ ya Kikuyu, kisima, meno, ili hata mgeni akitafuta kwa lugha ya mama yake akipate. Wenzake walimcheka, na mmoja, ambaye leo amevaa miwani ya jua na kushika leso, alimwambia, "Madam, hii ni research, si Twitter, hashtag ni za nini sasa?" Wao walihifadhi vya kwao kwa majina kama Mpya, Mpya Mbili, Mwisho, Mwisho Kabisa, na Usiguse, kisha mwezi uliofuata hawakukumbuka Mwisho Kabisa ilikuwa ya nini, wakatengeneza nyingine, na taasisi nzima ikawa inapika ugali uleule kila asubuhi kwenye sufuria mpya na kuziacha zote chafu.

Halafu wakagundua kwamba ghala hupanga majina kwa alfabeti, na hapo, ndugu zanguni, ndipo elimu ya juu ilipoonyesha matunda yake, kwa sababu mtu wa kwanza aliweka A mbele ya jina la kisanduku chake ili kitokee juu, wa pili akaweka A mbili, wa tatu A tatu, wakisukumana kama watoto kwenye foleni ya githeri, hadi mkuu wao, Daktari Lazarus Maweu, ambaye yuko nasi hapa, alipoweka A nne kwenye kisanduku chake cha maji. Kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpita bosi, herufi zikakoma hapo, na kwa miaka mingi kila aliyetafuta neno maji katika ghala lile alikutana kwanza na AAAA Maji Mwisho. Nyawira aliiona aibu hiyo, akakataa katakata kuongeza hata A moja, akisema kwamba kazi yake si mama mboga wa kuita wateja barabarani, na kwamba mwenye akili atateremsha macho hadi atakapokikuta kizuri.

Tarehe 20 Desemba 2008, kabla ya hayo yote, alikuwa amefunga ndoa kanisani na Ledama Simel wa Kisaju, mfugaji na fundi wa pampu za maji, mtu mpole ambaye alimshinda Nyawira kwa hoja mara chache lakini zilipohitajika. Mungu aliwajalia watoto wawili, Linda Waithera aliyezaliwa tarehe 5 Juni 2010, na Katoo aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2013, na pamoja nao walimlea kwa karibu Soila, binti wa dada yake Ledama anayeishi Oltepesi, ambaye alizaliwa mwaka mmoja na Katoo na kila likizo alikuja Kisaju kukaa nao.

Sasa tufike kwenye jambo lililomla, na tunaomba mtuvumilie, halina ugumu. Maji ya visima vyetu vingi yana madini ya floraidi, ambayo yakizidi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia na mifupa ya wakubwa hupinda, hilo kila Mkajiado analijua kwa kutazama jirani akicheka. Kisanduku cha Daktari Maweu kilikuwa na kosa moja, kwamba kikikutana na kisima ambacho hakijapimwa, mahali pa kipimo kilijaza sifuri, na sifuri kwenye ramani maana yake ni maji safi, kwa hiyo kisima ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukichotea hata chupa ya maabara ndicho kilichong'aa buluu kuliko vyote. Nyawira aliligundua kosa hilo mwaka wa 2012, akatengeneza kisanduku chake, akakiita Floraidi ya Visima, Kipimo Kikikosekana Simama, akaeleza kila kitu kwa lugha mbili, akawaandikia wote, na mkuu wake akamjibu kwa neno moja, "Noted."

Mwaka wa 2015 wafadhili walitaka ramani ya sehemu za Oltepesi ili wajue ni kisima kipi kiwekwe pampu kwa ajili ya kituo cha afya na shule, na mchoraji wa ramani alipouliza atumie kisanduku kipi, aliambiwa na Daktari Maweu mwenyewe, "Chukua tu ya juu, hizo zingine ni kelele." Cha Nyawira kilikuwa chini huko kwenye herufi F, ukurasa wa pili, na hakuna mtu katika jengo lile aliyewahi kufika ukurasa wa pili wa kitu chochote. Pampu ikawekwa kwenye kisima kisichopimwa, ramani ikapata tuzo mwaka uliofuata, picha ya tuzo ikatundikwa mapokezi, na watoto wa Oltepesi wakaanza kunywa.

Mwezi wa Desemba 2022, familia ilipokusanyika Kisaju kupiga picha ya Krismasi, Soila, wakati huo ana miaka tisa, alikataa kucheka, na alipotekenywa akacheka akiwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili, na Nyawira alipoishusha ile mikono aliyaona meno. Aliuliza maji wanachota wapi, na mama yake Soila akamwambia kwa fahari, "Si tuliwekewa borehole na watu wa ofisi yenu, Mama Linda? Ile ya safi kabisa." Nyawira alitoka nje, na Ledama alimkuta nyuma ya zizi akilia kwa hasira.

Januari 2023 alienda Oltepesi na chupa zake, akapima mwenyewe, akakuta kiwango kimepita mara nne kile kinachoruhusiwa, akafungua ile ramani ya tuzo, akafuata mistari yake nyuma, kisanduku baada ya kisanduku, hadi akaikuta AAAA. Alimwendea mkuu wake mlango ukiwa wazi, ndiyo maana tuna mashahidi, na Daktari akamwambia, "Nyawira, hiyo template imetumika na watu zaidi ya mia mbili, haiwezi kuwa wrong," kana kwamba njia inayokanyagwa na ng'ombe wengi ndiyo inayoelekea mtoni kila mara. Ghala lina sheria kwamba kisanduku hufutwa na aliyekiweka peke yake, na yeye hakukifuta, kwa sababu kukifuta ni kukiri, na kukiri ni kushusha picha pale mapokezi. Nyawira na Ledama waliitisha wazazi wa Oltepesi, wazazi wakafunga kile kisima kwa minyororo yao wenyewe, na taasisi ikamwandikia Nyawira barua ya onyo kwa kuzungumza na umma bila idhini.

Mwezi wa Januari 2025 alianza kuumwa tumbo, na tarehe 18 Februari madaktari walitueleza kwamba ni saratani ya kongosho na imesambaa. Alilazwa mjini Kajiado, akitoka na kurudi, na wenzake wa kazi walikuja kumwona, tusiseme uongo, walikuja na ndizi, maziwa lala na laptop zao, wakamwombea kwa dakika moja kisha mmoja akainama na kumwuliza, "Madam, pole sana, lakini kile kitu cha kurekebisha tarehe ulikisave wapi?" Nyawira akafungua macho akamwambia, "Tafuta neno tarehe," na yule bwana akatafuta pale pale kando ya kitanda, akakipata, akashangaa kama mtu aliyeona muujiza, na wauguzi wakadhani mgonjwa wetu amepata nafuu kwa jinsi alivyocheka.

Aliyekuja bila laptop ni Ouma, mwenzake wa miaka kumi na minne, ambaye mwezi wa Juni alileta habari kwamba ramani mpya ya Rombo itachorwa Julai, visima zaidi ya ishirini vya kuchaguliwa, vingi havijapimwa, na wachoraji wageni ambao watatafuta neno maji na kuchukua ya juu kama wote waliowatangulia. Ouma akamwambia, "Madam, weka A tano tu. Najua unachukia hiyo maneno, lakini watu wa Rombo hawajui vita ya alfabeti yenu." Nyawira alimfukuza chumbani, na yeye mgonjwa wa kilo arobaini, kwa sauti iliyosikika wodi ya pili.

Hapo ndipo tulipomwona dada yetu akipigana na kitu kikubwa kuliko saratani, kwa maana alijua kwamba Ouma anasema kweli, na alijua pia kwamba akiweka zile herufi atakuwa amekubali kwamba miaka kumi na sita ya kupanga vitu ili vipatikane na mwenye kutafuta ilikuwa bure, na kwamba katika nyumba ya wasiotafuta anayesikika ni yule anayepiga kelele mbele. Ledama alikaa naye mchana mzima, kisha akamwambia, "Mama Linda, ng'ombe akiwa ameanguka kisimani, huwezi kuuliza kamba imetoka boma gani." Akaomba laptop, na tarehe 30 Juni 2025 akabadilisha jina la kazi yake bora kuliko zote kuwa AAAAA Maji, akaifunga laptop, akageukia ukuta, akasema kwamba amejidhalilisha. Hakujidhalilisha, na tunataka watoto wake walisikie hilo leo mbele za watu, mama yenu alikivua kiburi chake, kitu pekee alichokuwa nacho cha kifahari, akakitandika chini ili watoto wa wengine wapite juu yake.

Julai ramani ya Rombo ilichorwa kwa kisanduku chake, visima visivyopimwa vikatoka rangi ya kijivu, kazi ikasimama, wakaenda kupima, na vinane kati ya vile ambavyo vingewekwa pampu vikakutwa havifai kunywewa na mtoto wala ndama. Habari hiyo ilimfikia akiwa bado anaweza kuzungumza, na Nyawira Ngigi alifariki Alhamisi, tarehe 7 Agosti 2025, saa nne asubuhi, Ledama akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi yake waliomtunza na kuvumilia ulimi wake, majirani wa Kisaju waliochinja na kuchota maji bila kuitwa, wanawake wa kanisa la Kitengela, wazazi waliotoka Oltepesi na wageni waliosafiri tangu jana kutoka Rombo, ambao hawakuwahi kumwona akiwa hai, na Ouma. Wenzake wengine wa kazi tunawashukuru kwa ndizi.

Ni desturi yetu, kabla jeneza halijashushwa, kuuliza kama kuna mtu mwenye neno na marehemu, lakini leo mwenye neno ni marehemu mwenyewe. Jumatatu tarehe 11, mwili wake ukiwa bado mochari, kisanduku kilekile chenye sifuri ya uongo kilipewa A sita, na Jumatatu ijayo ramani nyingine itachorwa, ya visima vya kutoka hapa Kisaju hadi Namanga, visima vyenu ninyi mliokaa hapa. Daktari Maweu, tafadhali usiinamie simu. Laptop ya marehemu iko pale mezani kando ya picha yake, Ouma ameiwasha, mtandao upo, ghala liko wazi kwenye A sita, na kinachokosekana ni neno lako la siri na kidole chako. Mama yake Soila amesimama karibu na meza, ana swali moja na wewe lakini amesema litangoja. Vijana wa kuzika wameweka majembe chini, Pasta Mutinda amekubali kusubiri, na jua la Kisaju tumelizoea. Ukikifuta, Waruguru atasoma mstari wa mwisho wa karatasi hii, ule unaomwambia Nyawira apumzike kwa amani, na kabla ya hapo hatausoma.